Bwana Rangi na Koti la Muuza Samaki

Ghislain Delbecq alinikera kwa miaka kumi na tisa, kila Jumamosi alasiri, bila kukosa. Klabu yetu ya filamu hapa Roubaix, kaskazini mwa Ufaransa, hukutana kwenye ukumbi nyuma ya mkahawa wa Firmin. Tunatazama filamu, kisha tunabishana mpaka kahawa inapoa. Kila nikisifia filamu mpya iliyopigwa kwa nyeusi na nyeupe, yule mzee ataguna hadi mtaa wa pili wamsikie.

"Mauricette, mtu anayetengeneza filamu ya kijivu zama hizi ama ni mvivu, ama anaringa."

"Na wewe unataka kila filamu ifanane na duka la pipi!"

"Afadhali pipi kuliko jivu la jikoni, mama."

Na rangi alizijua, hilo simnyimi. Aliingia kiwanda cha kutia rangi nyuzi za sufu akiwa na miaka kumi na sita, akatoka siku kilipofungwa. Wenzake walilinganisha uzi na vipande vya mfano kitabuni. Yeye aliuchukua, akasogea nao dirishani, akautazama na kusema, "Bado kidogo," na kweli ilikuwa bado kidogo. Siku ya harusi yake kucha zake zilikuwa za bluu kwa rangi ya kiwandani. Picha ipo, tena ya rangi, anasisitiza mwenyewe, na mkewe Thérèse kamshika mkono bila aibu yoyote. Thérèse alipofariki, mzee alibaki na paka na Jumamosi zetu. Tulimwita Bwana Rangi, naye alijidai kukasirika.

Sasa, kosa lilikuwa langu. Novemba iliyopita zamu ya kuchagua filamu ilinifikia mimi. Nilileta filamu mpya, ya muuza samaki anayemtafuta mdogo wake wa kike, ambayo mwongozaji aliitoa kwa namna mbili kwenye diski moja: ya rangi, na ya nyeusi na nyeupe. Kwenye tangazo niliandika kwamba tutaona ya rangi. Kisha, kwa ukorofi wangu tu, nikabonyeza ile nyingine. Nilitaka kumwona Ghislain akiruka kitini.

Hakuruka. Alikaa kimya mwanzo mwisho, mikono magotini. Nikajisemea, leo nimempata, ameishiwa maneno.

Klabuni tuna sheria moja kubwa: anayesimama kuzungumza hakatizwi mpaka aketi mwenyewe. Tuliiweka kwa sababu ya mdomo wangu, nakiri. Basi taa zilipowashwa, Ghislain akawa wa kwanza kusimama.

"Mmeona sasa?" akasema, huku akinitazama mimi. "Hii ndiyo filamu! Lile koti la muuza samaki, nyekundu, lakini si ya kupiga kelele. Ni damu ya mzee, imefuliwa mpaka imepauka mabegani. Na ile skafu ya kijani ya mdogo wake! Ukiondoa rangi pale, Mauricette, unabaki na nini?"

Tulikuwa watu kumi na mmoja pale, na hakuna aliyethubutu kuvunja sheria. Alisifu koti, akasifu skafu, akasifu milango ya bandarini, na mimi natamani ardhi ipasuke inimeze. Alipoketi, Firmin, ambaye hana kifua hata kidogo, akasema taratibu, "Ghislain, mbona picha yote ilikuwa nyeusi na nyeupe?"

Mzee akacheka. Akatutazama mmoja mmoja, akaona hatucheki. Akachukua kofia yake akatoka, kahawa yake hajaigusa.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Firmin alipiga simu, haipokelewi. Nilijiona mtu wa hovyo kabisa. Nikaiweka ile diski nyumbani, nikatazama filamu ya rangi kwa mara ya kwanza, kisha nikanunua keki ya jibini nikaenda kumgongea mlango.

"Umekuja kunicheka?" akauliza.

"Nimekuja kuomba radhi. Nilibadilisha filamu makusudi, ili nikukomoe."

Aliniacha nimesimama pale muda mrefu, ndipo akanipisha niingie. Paka alikuwa kalala juu ya kiti cha wageni, sikumwondoa.

"Mwaka na nusu sasa," Ghislain akasema. "Daktari anasema nitaendelea kuona, ila rangi hazirudi. Nyekundu ndiyo iliyotangulia kuondoka. Nikafikiri, nikikisia vizuri hakuna atakayejua. Mtia rangi asiyeona rangi, Mauricette! Nirudi pale kufanya nini? Mnihurumie?"

Nikalia waziwazi, sikujificha.

"Koti," nikasema nilipoweza.

"Koti gani tena?"

"La muuza samaki. Nimeitazama ile ya rangi. Ni damu ya mzee, na limepauka mabegani, vilevile ulivyosema."

"Usinidanganye kwa huruma."

"Skafu ilikuwa ya njano."

"Haiwezekani!" Akasimama. "Njano ingeonekana nyeupe zaidi kwenye picha!"

"Njano, Ghislain. Hapo umechemsha."

"Njano ipi?"

"Njano... njano tu."

"Njano tu ndiyo nini? Ya haradali? Ya kiini cha yai? Ya limau?"

Nilikuwa nimeitazama saa mbili nzima na sikujua.

"Loo!" akasema, na uso wake ukachangamka. "Miaka kumi na tisa unabisha juu ya kitu hukijui!" Akaenda kuleta kisu cha kukatia keki.

Jumamosi ile alirudi. Alisimama akaeleza habari yote ya macho yake, na hakuna aliyemkatiza. Akamaliza kwa kusema yeye bado ni mtu wa rangi, kwamba filamu za kijivu bado ni uvivu, na atakayemhurumia atachapwa kofia. Kisha akaja kuketi kando yangu.

Sasa kazi yangu ni kumnong'oneza rangi, na si kazi ya mchezo. Kusema "nyekundu" peke yake ni marufuku. Nimejifunza kutofautisha maji ya kunde na hudhurungi, mimi, Mauricette, niliyeapa kwamba rangi ni mapambo ya watoto! Firmin anatufanyia "shh" mpaka amechoka.

Wiki iliyopita kulikuwa na picha ya mwanamke amesimama ufukweni, peke yake, asubuhi.

"Bahari?" Ghislain akanong'ona.

"Bluu."

"Mauricette."

Nikatazama tena, vizuri, kama anavyonidai. Ilikuwa bluu nzito, yenye weusi kidogo pembeni, na nilijua nilishaiona mahali.

"Ile ya kucha zako," nikasema, "kwenye picha ya harusi."

Alivikunjua vidole vyake juu ya magoti.

"Ahaa," akasema. "Hiyo naiona."