Kura ya Baba Mkononi Mwangu

Baba yangu hakupata kupiga kura hata siku moja maishani mwake, na kijiji chetu chote kinaamini kwamba alipiga. Mimi ndiye ninayejua ukweli, na nimechoka kuujua peke yangu.

Enzi hizo za Mwingereza, serikali ilipotuletea uchaguzi wa kwanza, ilitaka mpiga kura awe na kisomo, au kipato, au cheo. Baba alikuwa na kahawa kidogo na migomba kwenye mteremko wa Meru, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka Nkoaranga, na shule yake ilikuwa kusoma Biblia basi. Alikwenda kujiandikisha amevaa koti lake la Jumapili, wakamrudisha. Mimi binti yake, mwalimu wa shule ya misheni, umri wangu miaka ishirini na michache, wakaniandika bila maneno mengi. Niliona aibu kama niliyemwibia. Yeye alicheka tu. "Si neno, mwalimu," akaniambia. Tangu nianze kazi aliniita hivyo kwa utani. "Mimi nitakuwa kichwa, wewe mkono."

Msidhani alikuwa mtu wa siasa. Alikuwa mzee wa kanisa, mpole, mwenye kusinzia kwenye mikutano. Lakini miaka michache kabla ya hapo, watu wetu walipohamishwa kwenye ardhi yao ili walowezi wapate mashamba, ndugu zetu walikuja kulala sebuleni kwetu na mabati yao na mbuzi wao wachache, na baba aliwasikiliza wakisimulia mpaka akaacha kusinzia. Alitaka mtu mmoja tu wa kwetu akae pale yanapoamuliwa mambo kama yale. Jumamosi alikuwa akishuka mjini Arusha kuuza ndizi, na baada ya soko alipumzika barazani kwa rafiki yake, fundi cherehani, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani. Fundi ndiye aliyempa kadi ya chama kilichokuwa kikidai uhuru. Baba aliiweka ndani ya Biblia yake, na hakuona kwamba kuna ubaya wowote.

Mchungaji wetu aliuona. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, maana mtu mbaya ningemchukia nikapumzika. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba chama kile ni cha Waislamu wa pwani, na kwamba siku wakiishika nchi watafunga shule zetu na makanisa yetu. Watu walimwamini. Hata mimi, niseme kweli, nilimwamini nusu.

Sasa uchaguzi wenyewe ulikuwa wa ajabu. Kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja. Chama kilikuwa na watu wake katika kila fungu, na baba alinikaririsha majina yao kila jioni kama mtoto anayefundishwa katekisimu. "Watatu wote, mwalimu. Usiache hata mmoja." Mhindi wa chama hakuwa Mkristo. Jumapili iliyotangulia uchaguzi, mchungaji alisimama mimbarani akasema kwamba mkono wa Mkristo utakaomwinua asiyeamini juu ya watu wa Mungu utajibu siku ya mwisho. Aliposema "mkono" niliuficha wangu chini ya kitenge.

Siku ilipofika tulishuka mjini pamoja. Baba alibaki nje ya kituo, ameshika kofia yake mkononi. Ndani nilipewa karatasi na penseli. Nikamtia alama Mwafrika. Nikamtia alama Mzungu. Kwa Mhindi penseli ikagoma. Nilisimama pale mpaka karani akakohoa. Nikajiambia, wawili wanatosha, na huyu wa tatu namwachia Mungu. Sijamsaliti baba, na mchungaji hana la kunidai. Nilijiona nina akili kuliko wote wawili! Nikaikunja karatasi nikaitumbukiza.

"Tayari?" baba akauliza.

"Tayari."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, palepale barabarani, mbele za watu. Hakuwa mtu wa mambo hayo.

Tulipitia kwa fundi kunywa chai. Fundi alikuwa na furaha, anaongea huku anashona. Akasema kuna watu wana vichwa vigumu, wanamruka Mzungu au wanamruka Mhindi, hawajui kwamba ukimruka mmoja karatasi yote inatupwa. Ndiyo sheria, akasema: watatu, au huna kura. Baba akajibu kwa majivuno, "Huyu wangu hakumruka mtu." Nilikunywa chai ya moto kwa pupa ikaniunguza ulimi, nikashukuru, maana nilipata sababu ya kunyamaza.

Watu wa chama walishinda vilevile. Kwa hiyo mtaniambia karatasi yangu moja haikumpunguzia mtu kitu. Ngojeni kwanza.

Wiki iliyofuata mchungaji alituita. Akaniuliza mimi, si baba, kama nilimtia alama yule asiyeamini. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme hapana. Baba akaniwahi. "Mimi ndiye niliyemtuma," akasema. "Watatu wote. Kama ni dhambi ni yangu, mtoto aachiwe kazi yake."

Nikafunga mdomo. Mchungaji akamwambia kwamba kadi angeweza kuivumilia, lakini hili la kura atalitubu mbele ya usharika, la sivyo asisogelee meza ya Bwana. Baba akasema hatatubu.

Kwetu sisi kutengwa na kanisa si mchezo. Aliyetengwa hukaa benchi la nyuma, na wenzake wakienda mbele kupokea, yeye hubaki anatazama viatu vyake. Na akifa hivyo hapigiwi kengele, wala mchungaji hafiki kaburini. Mzee wa kanisa aliyekuwa akishika sahani ya sadaka, nikamwona mwaka mzima na zaidi akiwa kwenye benchi lile, koti limepigwa pasi, kimya. Kila Jumapili nilipita mbele yake kwenda kula mkate. Roho iliniuma, na bado nilipita.

Kisha kifua kikamshika, na ilipoonekana hatainuka tena, mchungaji alipanda mwenyewe mpaka kwetu na mfuko wake wenye vyombo vya ushirika. Akakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Alikuwa anamtaka baba arudi kundini, niliona machoni mwake. "Neno moja tu, mzee wangu," akasema. "Sema unajuta."

"Sijutii," baba akajibu, kwa pumzi fupifupi. "Maisha yangu yote, mchungaji, ile kura ndicho kitu pekee nilichosema serikali ikasikia."

Nilikuwa nimesimama katikati yao na kikombe cha maji. Ningesema sentensi moja, mchungaji angeufungua ule mfuko palepale, kwa kuwa hapakuwa na dhambi yoyote ya kutubiwa. Na baba angejua kwamba serikali haikusikia kitu. Nilinyamaza. Siku nyingine najiambia ni mapenzi yaliyoninyamazisha. Siku nyingine najua kwamba niliogopa tu macho yake.

Mchungaji alingoja mpaka maji ya chai yakachemka, akanywa kikombe kimoja, akabeba mfuko wake akashuka. Baba akanipungia mkono nisogee.

"Mwalimu. Yule wa tatu, alama yake uliiandika vizuri? Haikufifia?"

"Niliikoleza, baba."

Akafumba macho ameridhika. Alikata roho siku hiyohiyo, alasiri. Kesho yake tulimzika migombani, bila kengele na bila mchungaji, kwa ajili ya alama ambayo sikuiweka.