Magurudumu ya Kuwaringia Wakwe

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa mke wangu, maana yeye akiisimulia hii hadithi huitia chumvi mpaka inawasha: ni kweli, siku ya kwanza nilipoenda kujulikana kwa wakwe zangu kule Bahati nilionekana mlevi mchana kweupe, siku ya Jumapili, mbele ya watu waliotoka kanisani, na pombe sikuwa nimeonja hata tone, na aliyeniokoa ni mtu ambaye kwa desturi zetu sikutakiwa hata kumtazama usoni. Aibu hiyo nimeibeba miaka mingi. Leo naitua.

Ilikuwa miaka ya hamsini, ile ya mwisho mwisho. Nilikuwa dereva wa mzungu mmoja kule Mau Narok, mwenye ngano na viazi (na baridi, jamani, baridi ya kule ukipiga chafya unaiona ikienda). Dereva siku hizo alikuwa mtu, si kama leo ambapo kila mtoto anajua gia. Shule mimi niliacha darasa la pili, kwa sababu mwalimu alikuwa na fimbo na mimi nilikuwa na miguu, lakini nikishika usukani hata huyo mwalimu angenivulia kofia. Sasa nikampenda Rasoa. Baba yake, Mzee Zakayo, alikuwa nyapara kwenye shamba la kahawa huko Bahati, tena mzee wa kanisa, mtu wa Maragoli kama sisi, suruali nyeupe kila Jumapili, na pombe, pamoja na ngoma zake, aliichukia kuliko shetani mwenyewe. Mtu akampelekea maneno kwamba madereva wote ni walevi. Rasoa akaniambia aliyosema baba yake, neno kwa neno:

“Mlete nimtazame mikono. Ikitulia, tutaongea. Ikitetemeka, utaolewa na yule mwalimu.”

Mwalimu huyo (si yule wa fimbo, huyu alikuwa akimtaka Rasoa) alikuwa na baiskeli na kalamu mbili mfukoni. Mimi nilikuwa na mikono tu. Na mikono yangu, sifichi, ilikuwa imara kama jiwe la kusagia. Ningeenda hivyo hivyo, hata kwa miguu, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Lakini mzungu wangu alikuwa anaenda Naivasha kuvua samaki na wenzake, akaniambia chukua pikapu Jumapili, lakini irudi kama ilivyoondoka. Pikapu! Nikaizunguka mara tatu nikicheka peke yangu. Ilikuwa nzuri, ila magurudumu yake yalikuwa membamba, yamekula kutu, yanafanana na miguu ya kuku mgonjwa. Nikajiambia, wewe, utaenda kwa wakwe na miguu ya kuku? Huko Nakuru kulikuwa na fundi mzee aliyeuza vyuma vya malori ya vita, basi nikampelekea gunia la viazi vyangu, naye akanipa magurudumu mawili mapana, yenye meno kama ya kiboko. Mawili tu, ya mbele, maana ya nyuma nani atayaangalia? Yule fundi akashika moja, akaingiza vidole kwenye tundu lake la katikati, akasema, “Ngoja kijana, hapa katikati kuna maneno…” nami nikamwambia, “Mzee, mimi ni dereva.” Akanitazama. Akasema, “Haya, dereva.” (Hilo “haya” lake bado nalisikia.)

Bolti zikaingia. Nikafurahi. Nikachukua ile rangi ya fedha tuliyopaka mabati ya stoo, nikayapaka magurudumu yote mawili mpaka yakang’aa kama sahani za harusi, kisha Jumapili asubuhi nikavaa koti, huyo, nikateremka.

Hadi maili ishirini kwa saa hapakuwa na tatizo, naimba. Nilipofika ishirini na tano usukani ukaanza kunong’ona mikononi. Thelathini, ukawa unatikisika. Thelathini na tano, haki ya Mungu, ilikuwa kama nimeshika pembe za ng’ombe dume asiyetaka kuogeshwa, meno yanagongana, kioo kinacheza, koti linajifungua vifungo lenyewe. Nikasimama Njoro, nikatoa spana, nikaifunga nati ya kwanza mpaka nikaona nyota, halafu ya jirani yake, halafu ya jirani ya hiyo, kwa nguvu zangu zote. Ikazidi kuwa mbaya! Lakini nikagundua jambo nililoliona la akili sana: ukipita arobaini, inatulia. Kwa hivyo dawa, nikajiambia, ni mwendo. Shida ni kwamba barabara ina kona, ina mbuzi, ina akina mama wenye mizigo, kila saa unarudi chini ya arobaini, unatikiswa, unapanda, unatikiswa tena. Hivyo hivyo hadi Nakuru, hivyo hivyo hadi Bahati.

Nikafika, nikazima. Gari ikanyamaza. Mikono haikunyamaza.

Niliitazama kama ya mtu mwingine. Ilikuwa inaruka tu, peke yake, kama samaki kwenye nyasi. Nikaiweka mfukoni, lakini Mzee Zakayo ananyoosha wake anisalimie, na majirani wamejaa mlangoni kwa sababu kanisa ndiyo limetoka na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani bila kumwona mkwe wa nyapara. Tukasalimiana. Salamu ikawa ndefu, maana nilimtikisa mpaka kofia ikahama. Tukaketi. Rasoa akaleta chai, akaniwekea kikombe juu ya sahani, na macho yake yananiambia, tulia, tafadhali tulia. Nikakiinua. Ng’ang’ang’ang’a, kikombe na sahani. Nyumba nzima ikanyamaza kusikiliza ule muziki. Nikajaribu kutumia mikono miwili, ikawa ni mikono miwili inayotetemeka, na chai yote ikaenda kwenye suruali nyeupe ya mzee wa kanisa.

“Kijana,” akasema polepole, hata hakujifuta. “Umekunywa nini?”

“Chai, baba.”

“Chai iko hapa kwangu, kwenye suruali. Kabla ya chai?”

“Hakuna, baba. Ni gari. Gari ndiyo inatetemeka.”

“Kumbe gari ndiyo imelewa?” Mlangoni wakaangua kicheko, na mwanamume mmoja akasema, “Iombeeni hiyo gari, iokoke!”

Sasa mtu mwenye akili angelia. Mimi nikasema, “Baba, ingia uone mwenyewe.” Akasimama na suruali yake iliyolowa, akaingia, kofia kichwani, Biblia mkononi. Nyuma wakarukia akina mama wa kwaya kama tisa, hakuna aliyewaalika, na Rasoa katikati yao. Mama yake Rasoa peke yake hakupanda. Ninyi vijana hamjui, lakini kwetu mama mkwe na mkwe wake wanaogopana kabisa: hampandi pamoja, hamtazamani, hamsemezani. Mama huyo, mfinyanzi aliyejulikana Bahati nzima kwa vyungu vyake, alibaki kando ya barabara, amejifunika kitambaa na kuinamisha macho chini kabisa asije akaniona uso.

Nikaenda mpaka kwenye mti wa mwisho wa laini ya nyumba za wafanyakazi, nikageuza, nikarudi nateremka. Ishirini, kwaya inaimba vizuri. Thelathini, wimbo ukaingia mtetemo, ha-a-a-a-lelu-u-u-ya, na wao wanacheka wanaimba, wanaimba wanacheka. Thelathini na tano, kofia ya mzee ikamshukia machoni.

“Si-si-simama!”

“Baba, ngoja, niongeze mwendo! Ikipita arobaini itatulia!”

Jamani. Mtu anayedhaniwa mlevi, wa kumwambia baba mkwe hivyo! Mzee, kofia machoni, akatupa Biblia kwenye kiti akaukamata usukani kwa mikono miwili, yeye anavuta kwake, mimi navuta kwangu, breki nakanyaga, na pikapu ikatoka barabarani kwa adabu kabisa, ikaingia kwenye tope la birika la ng’ombe, ikasimama pale pua majini. Hakuna aliyeumia. Kofia ilielea. Ng’ombe mmoja akainusa, akaendelea kunywa.

Nikashuka mbele ya kanisa zima, tope magotini, mikono inaruka. “Basi,” Mzee Zakayo akasema, “nimeona. Rasoa, shuka twende nyumbani.” Na Rasoa akashuka huku analia, na mimi nikaona baiskeli ya mwalimu inakuja kabisa, na kalamu zake mbili.

Hapo ndipo sauti ya mama ikatoka nyuma ya kitambaa, amenipa mgongo, akimsemesha kuku aliyekuwa akichakura kando ya njia.

“Wewe kuku. Mwambie mume wangu huyo mtoto hajalewa. Gurudumu ndilo limelewa. Mimi macho yangu yalikuwa chini, na yale mavitu yanang’aa mno kukosa kuyaona. Yamepita hapa yakiyumba kama chungu cha mwanafunzi.”

Nami nikamjibu kuku, ningefanyaje? “Kuku, muulize mama, nifanye nini?”

“Kuku, mwambie atoe jeki.”

Wanaume wakaisukuma gari ikatoka kwenye tope, nikaipiga jeki. Mama akamwagiza kuku, kuku hakufanya kitu, Rasoa ndiye aliyefanya: akatuliza kipande cha makaa juu ya jiwe, karibu tu na ukingo wa gurudumu, mimi nikalizungusha polepole. Makaa yakachora upande mmoja. Upande wa pili hayakugusa hata kidogo. “Ndivyo ninavyopima mdomo wa chungu,” mama akasema. “Kikiwa hivyo nakibomoa. Sasa atoe, atazame katikati.” Nikalitoa. Tundu la katikati lilikuwa pana kuliko kile kichwa cha chuma kinachoingia ndani yake, kidole changu kikapita (na yule fundi wa Nakuru nikamwona akilini, anasema “haya”). “Mtungi bila kata kichwani utakaaje?” mama akamwambia kuku. “Alikatie kata.”

Kata, ule mviringo wa majani ambao wanawake huuweka kichwani chini ya mzigo! Nikakata ukanda wa debe, nikaukunja mara tatu, nikaupiga ukazunguka kile kichwa cha chuma, gurudumu likaingia likabana. La pili vile vile. Nikashika spana, nikaanza nati ya kwanza kwa nguvu zangu zote.

“Si hivyo!” Mzee Zakayo akapiga kelele, hasira imemsahau. “Unaivuta yote upande mmoja! Kaza hii kidogo, halafu ile inayoitazama ng’ambo, kidogo kidogo, kama unawamba ngoma!”

Mama, bado amenipa mgongo, akainama.

“Kuku. Muulize mzee wa kanisa, kuwamba ngoma alijifunza wapi.”

Nawaambia watu walianguka chini kwa kicheko. Akina mama wa kwaya walishikana wasizame kwenye tope. Mzee akaitazama kofia yake ndani ya birika muda mrefu sana, kisha na yeye mabega yakaanza kutikisika, na hakuna gari iliyomtikisa.

Tukapanda tena, yeye ameshika kikombe cha chai kilichojaa. Thelathini. Thelathini na tano. Yakamwagika matone mawili tu, na hayo akasema ni ya barabara. Akanywa iliyobaki, akaniambia, “Mlete baba yako tuongee.”

Usiku huo huo nilirudisha ile miguu ya kuku kwenye pikapu, na nikaapa kutovalisha gari kitu cha kuwaringia watu. Tangu hapo, hata kengele ya baiskeli sijabadilisha. Lakini sasa nimezeeka, na mikono imeanza kutetemeka yenyewe bila usukani, na kila asubuhi kikombe kikianza ule muziki wake juu ya sahani, Rasoa hainui hata kichwa kwenye maharagwe anayochambua.

“Ongeza mwendo, baba,” ananiambia. “Ikipita arobaini itatulia.”