Santuri za Baba na Bati Langu

Mvua ikianza kudondoka juu ya bati langu hapa mjini Mutsamudu, kabla haijachanganya, hutoa sauti ile ile ya sindano ya gramafoni inapogusa santuri. Krr, krr, kimya kidogo, ndipo wimbo uanze. Nikiisikia huacha ninachofanya, hata kama nazi imebaki nusu kukunwa. Wajukuu hunicheka: "Koko keshaondoka tena!" Waache wacheke, bibi yao kweli huwa kaondoka.

Baba yangu alishona nguo Unguja ujanani, akarudi kisiwani kwetu Nzwani zama zile Mfaransa bado anatutawala. Alirudi na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, makasha ya santuri yaliyojaza pembe nzima ya sebule, na Kiswahili hiki ninachowasimulia kwacho, ambacho nyumbani alizungumza na mimi tu. Sasa sikilizeni desturi yetu. Visiwani kwetu nyumba ni ya mwanamke. Binti akizaliwa, baba na wajomba huanza kumjengea, na akiolewa, mume ndiye anayehamia kwake. Kwa hiyo baba alikaa nyumbani kwa mama. Kitanda cha mama, masufuria ya mama, hata kuku walikuwa wa mama, na walimjua. Santuri tu ndizo zilizokuwa zake. Akizipiga Alhamisi jioni, wanaume wa mtaa walijaa barazani, naye akawakaribisha kwa sauti ambayo siku nyingine hakuwa nayo.

Nyumba yangu mimi ilikuwa kuta tupu. Wajomba walishatoa mawe na chokaa, bati lilikuwa zamu ya baba, na baba hakuwa nalo. Mpapai uliota chumbani ukazaa. Wanawake wa bombani wakamuuliza mama kama anamjengea binti yake nyumba au zizi. Mama akarudi na ndoo yake na maneno yale, akavitua vyote viwili mbele ya baba. Kesho yake baba akaanza kupangusa santuri, moja moja, kwa kitambaa cha flana.

"Mie sitaki bati," nikamwambia. "Nataka santuri."

"Utalitaka mvua ikinyesha." Kisha akaongeza maneno aliyopenda kuyasema akichoka: "Lisilobudi hutendwa, mwanangu."

Tukavuka bahari hadi Moroni, kisiwa cha pili, nimelala juu ya makasha, nimetapika njia nzima. Mnunuzi, Mzee Halidi, alikaa mtaa wa Magudju na alikodisha gramafoni kwa wenye harusi. Nikampa heshima yetu, "Kwezi," akaniitikia "Mbona," kisha akanisahau kabisa. Alitaka kusikiliza kila santuri kabla ya kutaja bei. Kila moja, jamani!

Basi baba akazungusha mpini, akaweka sindano, akaondoa, akazungusha tena. Asubuhi aliimba pamoja nazo na kueleza: hii niliipata kwa Mhindi fulani, hii ilipigwa siku alipozaliwa huyu. Mzee Halidi aliinamisha sikio, akasema neno moja tu: "Mikwaruzo." Ikaja nyingine. "Mikwaruzo." Adhuhuri wakaenda kusali, wakarudi, wakaendelea. Chai ikapoa na nzi wakaimaliza. Alasiri baba alikuwa haimbi tena wala haelezi, na mimi nikasinzia ukutani huku nyimbo nilizozijua zikikatwa katikati.

"Usininunie, biashara haigombi," alisema Mzee Halidi walipokubaliana. Nadhani roho ilimuuma kidogo, kwa sababu alisukuma kasha moja mbele. "Chagua moja ubaki nayo. Zawadi."

Nilizinduka. Nilimvuta baba kanzu, nikamnong'oneza ile ya harusi, ile ya vigelegele, chukua ile! Baba akalisukuma kasha lirudi. "Ahsante, mzee. Moja itanitesa."

Nililia hadi bandarini. Nilimwona mkaidi, mtu anayekataa cha bure. Tukarudi na mabati, mpapai ukakatwa, na Alhamisi ile wanaume wakapita barazani wakatoa salamu tu. Baba akawa anakwenda kulala mapema, huku mama akimsifia bati lake mtaa mzima.

Miaka ikapita. Nikaolewa, mume akahamia kwangu. Kisha uzeeni mama na baba wakaachana, kwa jambo ambalo hakuna aliyetaka kulieleza, na kwa desturi yetu anayetoka ni mwanamume. Nilisikia hodi mlangoni. Baba, na mkoba mmoja.

"Hodi ya nini, baba? Nyumba hii ni yako."

"Ni yako," alisema. "Mie nimekuja kuomba pa kulala."

Nikautazama mkoba ule. Utotoni nilidhani zimeuzwa nyimbo. Kumbe katika nyumba ya watu baba alikuwa na pembe moja tu ya kuwa mwenyeji, akaitoa nzima ili binti yake asije akapiga hodi kwa mtu maisha yake yote.

Usiku ule mvua ilinyesha. Nilimkuta kaketi kitandani gizani, kichwa kakiinamisha upande mmoja.

"Bati linakukosesha usingizi, baba?"

"Hapana," alisema. "Nasikiliza. Hii haina mikwaruzo."