Nyasi za Mzee Ndungu

Katika ploti nzima ya Nyokabi pale Kangemi, na ukipenda hesabu na za majirani wote mpaka mtoni, palibaki mahali pamoja tu penye majani mabichi, napo palikuwa kaburi la mumewe.

Mzee Ndungu alizikwa wakati ploti ingali shamba. Kulikuwa na ng'ombe, na migomba, na jirani akizimikiwa na moto alikata katikati ya mahindi akaja kuomba makaa. Kisha watu wakashikwa na wazimu wa kujenga. Nyokabi naye akajenga. Migomba aliing'oa kwa mikono yake mwenyewe akaweka vyumba vya mabati; Kuria, mwanawe, akayabomoa mabati akainua ghorofa. Ghorofa ya jirani ikasimama karibu kiasi kwamba mtu angeweza kumpitishia mwenzake chumvi dirishani, ila hakuna aliyempitishia mwenzake chumvi. Ng'ambo ya mto, Loresho kwa matajiri, miti ilikaa bila watu. Huku watu walikaa bila miti. Hata jua liliingia uani alasiri tu, likaangukia pale pale kwa mzee.

Msalaba wa mbao ulikuwa umeoza zamani. Wapangaji, wengi wao watu waliotoka magharibi mwa nchi, waliona nyasi tu, na Nyokabi hakuwaambia neno. Kila alasiri walikuja. Watoto walibiringika, mtu akasukwa nywele, na Lornah, muuza mboga, akachambua mrenda wake. Nyokabi aliketi katikati yao kwenye kigoda. Kwingine kote alikuwa mwenye nyumba. Hapo tu ndipo alipokuwa shosh, bibi wa wote.

"Lornah, kitu kinateleza hivi unakila, au kinajiendea chenyewe?"

"Kinajua njia, shosh. Si kama githeri yenu, mahindi na maharage mtu anatafuna mpaka anasinzia na kijiko mdomoni."

Wakacheka, na Nyokabi akacheka kuliko wote.

Siku moja Kuria akaja na futi ya kupimia.

"Mathe, hapa panatosha vyumba vinne."

"Na baba yako?"

"Tutamhamisha. Siku hizi watu wanahamishwa."

 Nyokabi aliyakumbuka makaburi aliyoyaona Kinoo kwenye viwanja vya wenye mali: saruji, vigae, picha ya marehemu ndani ya kioo. Hakuna aliyethubutu kusimamisha nondo kando yake. Kaburi la majani tu, machoni pa mtu wa kujenga, ni nafasi tupu.

Kuria aliposafiri, Nyokabi akamwita fundi Wainaina.

"Niache nyasi kidogo pembeni?" Wainaina akauliza.

"Usiache hata mahali pa kuweka mguu. Toka ukuta huu mpaka ule."

Wainaina akachimbua nyasi, akazijaza kwenye magunia, akamwaga zege, akapanga vigae vyeusi. Mbele akasimamisha jiwe lenye jina na picha.

Kuria aliporudi, alikutana na uso wa babake. Futi iliyokuwa mkononi akaitia mfukoni.

"Ungeniambia tu, mathe."

"Nilikuuliza baba yako ataenda wapi."

Habari za vyumba zikaisha hapo. Nyokabi akatoa kigoda chake, akangoja jua.

Jua likaja. Lornah naye akaja na karai lake, nyuma yake bintiye Ivyne. Wakasimama ukingoni mwa vigae.

"Huyu ni nani?" Ivyne akauliza.

"Ni mume wangu. Ketini."

Lornah alisoma jina, akamshika mtoto mkono. "Shosh, kumbe miaka hii yote tumekuwa tukimkalia mzee?"

"Hajawahi kulalamika."

Lornah hakucheka. "Angekuwa baba yangu ningemkalia. Kwetu hata mahindi tunaanika juu ya makaburi ya wazee wetu. Lakini huyu ni wako." Akainamisha kichwa. "Pole sana, shosh." Alisema kama anayempa pole mtu aliyefiwa jana, akaondoka na karai lake.

Wengine hawakufika hata ukingoni. Waliopita kwenda bombani walipunguza sauti, kama watu wapitao mlangoni mwa kanisa.

Siku zilipozidi, Nyokabi akabeba kigoda akawafuata kwenye ujia wa chini, kwenye giza na maji ya sabuni, walikohamia sasa. Redio ikapunguzwa. Lornah akasogeza karai.

"Mama Kuria, mwisho wa mwezi bado. Kodi tutaleta."

"Nimekuja kuketi tu."

"Karibu." Wakampa nafasi kubwa kuliko aliyohitaji. Akatafuta neno la kusema juu ya mrenda, akalikosa. Mmoja akakumbuka chungu jikoni, mwingine akaitwa na mtoto ambaye Nyokabi hakumsikia akiita. Lornah ndiye aliyekaa mwisho; naye akamaliza kuchambua, akaaga kwa adabu, akafunga mlango polepole.

Nyokabi akarudi uani. Jua lilikuwa bado pale. Aliinama kugusa vigae kabla ya kukaa, vikamchoma mkono, akabaki amesimama mbele ya mumewe, kigoda kwapani.