Mkono Nilioukata Pichani

Jumamosi alasiri, watu kama kumi hukutana katika duka la kuchapisha pale Wandegeya, Kampala, nyuma ya mabweni ya wanafunzi, kutazama picha walizopiga wenyewe. Si wapigapicha wa kazi. Yupo muuza vipuri, yupo askari polisi wa kike, na wengine ni wanafunzi wa chuo. Mimi waliniita kwa sababu nilifanya kazi ya studio tangu nilipokuja kutoka Kenya, kijana wa kidato cha nne, mpaka simu zilipotunyang'anya wateja. Waliniomba niwaonyeshe makosa yao, lakini kirafiki.

Urafiki wangu ulikuwa wa kuwachekesha. Picha ya mtu aliyeotwa na nguzo ya umeme kichwani, nilimuuliza mpigaji bili ya umeme inalipwa na nani. Na nilikuwa na kanuni niliyoitunga mwenyewe: picha ikishawekwa mezani, mwenyewe anyamaze mpaka sisi wengine tumalize kusema. Niliwaambia picha haitembei na wakili. Waliisifu sana kanuni hiyo, nami nikavimba kichwa.

Siku moja alikuja mwanamke anayeuza mitumba soko la Owino. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Aliitoa picha yake kwenye bahasha, akaipangusa kwa upande wa kiganja, akaiweka mbele yangu. Mtoto wa kike katika sare mpya ya shule, kidevu juu, macho nusu wazi kwa sababu ya jua. Kutoka upande wa kushoto uliingia mkono wa mtu mzima, wenye mishipa, ukimfunga kifungo cha shingoni. Mwenye mkono haonekani.

"Mtoto mzuri," nikaanza. "Lakini huyu mwenye mkono ni nani? Amekuja kuomba nini hapa?"

Watu wakacheka.

"Mzee, hiyo mkono ni ya..."

"Aa-aa, mama." Nikainua kidole. "Kanuni."

"Labda ni konda, anadai nauli," akasema yule askari, na kicheko kikazidi. Mwanamke naye akacheka kidogo, kama mgeni anavyocheka katika nyumba ya watu.

Ningeishia hapo, kosa lingekuwa dogo. Lakini miaka yangu yote ya studio nilikata picha za pasipoti na vitambulisho: uso na mabega, kingine kwenye kapu. Nikavuta kikatio cha karatasi cha mwenye duka. "Ngoja nikuonyeshe," nikasema, na sikungoja jibu. Nilishusha kisu mara moja. Kipande chenye mkono kikaanguka chini. Nikainua kilichobaki.

"Sasa mtoto anapumua!"

Wakapiga makofi. Nikamgeukia mwanamke, nikamwambia sasa ana ruhusa ya kusema.

"Asante, mzee," akasema.

Kabla ya kuondoka aliinama, akawa anapekua vipande vya karatasi chini ya meza. Nikamwambia asijisumbue, mwenye duka atafagia. Akainuka, akaenda bila kile kipande. Hilo ndilo hunirudia zaidi, kuliko hata kisu.

Jumamosi mbili zilizofuata hakuonekana. Nikamuuliza askari, maana wanafahamiana.

"Hatakuja, mzee. Anasema ulimkata mama yake."

"Mama yake yupi? Pale palikuwa na mtoto tu."

"Nenda ukamuulize mwenyewe."

Jumatatu nikaenda Owino. Nilimkuta akikunja sweta za watoto juu ya meza yake. Hakunikaribisha, hakunifukuza.

"Ile mkono ni ya mama yangu," akasema. Kiswahili chake ni cha kambini. Baba yake alikuwa mwanajeshi. "Ugonjwa ilivuta uso wake upande moja. Tangu hapo hataki picha. Hata kwa harusi anajificha jikoni. Ile asubuhi ndiyo akasema, sawa, piga mkono tu. Mimi nilikuwa napiga mkono, mzee. Mtoto alikuwa tu karibu."

Akakunja sweta nyingine.

"Ile Jumamosi jioni alikuwa anangoja picha. Nikampa hiyo ulikata, sikuwa na ingine. Akaangalia sana. Akasema, kumbe hata mkono wanaukataa. Nikamwambia nitachapa ingine, iko kwa simu. Akasema niache, na nisimpige tena."

Nilitaka kusema sikujua. Ingekuwa uongo nusu. Alianza kuniambia, nikamwinulia kidole. Na ukweli ni kwamba sikutaka kujua; jibu lake lingekatiza kicheko, na kile kicheko kilikuwa changu.

"Nipeleke kwake," nikasema. "Nimwombe radhi mimi mwenyewe."

"Askari alinipigia kwamba unanitafuta. Nikamwambia mama." Akaacha kukunja. "Amesema wewe usilete uso. Ulete mkono."

Jirani yake wa meza ya pili akaangua kicheko. "Haya, mzee, toa mkono! Leo ni zamu yako!"

Nilikunja shati mpaka kiwikoni, nikaulaza mkono wangu juu ya sweta. Mkono wa kizee, kucha mbili zimebaki za kahawia kwa dawa za kusafishia filamu. Mwanamke akatoa simu, akasimama mahali pabaya: jua lilikuwa nyuma ya mkono, nikajua utatoka mweusi kama mkaa. Hatua moja tu upande wa kulia ingetosha. Nikafungua mdomo.

"Mzee," akasema, macho kwenye simu. "Kanuni."

Nikafunga mdomo. Alipiga mara tatu, bila haraka, na sikuthubutu kuuondoa mkono mpaka aliponiambia.