Tangi Lililonyamaza

Kiwandani walimwita Mganga wa Mabomba, kwa ajili ya sufuria yake ya majani ya mpera. Kila asubuhi aliyachemsha mpaka maji yakawa meusi, akayachuja, akayamwaga ndani ya tangi la asidi.

Hakuwa mganga wala nini. Kazi yake ilikuwa kuchovya mabomba ya chuma kwenye asidi ili kutu itoke. Dada yake, aliyemlea tangu mama yao afe, aliyasuuza kwenye tangi la pili, la maji. Balaa ni kwamba asidi ile haikujua kushiba. Ikimaliza kutu ilikula na chuma chenyewe. Mabomba yalitoka membamba, wateja wakayarudisha, na msimamizi akaapa kupunguza watu, akianza na wenye umri mkubwa. Hapo hapakuwa na fumbo, alimaanisha dada.

Mdogo mtu akahangaika. Aliwahi kusikia kwamba majani yenye ukakasi huizuia asidi isile chuma, akajaribu haya na yale hadi ya mpera yakakubali. Kutu ikatoka, chuma kikabaki. Msimamizi, mtu mchoyo hata wa salamu, alimpiga begani.

"Dada yako abaki."

Wenzake wakamtania, "Mganga, tuchemshie na sisi tusiliwe!" Alicheka hadi machozi. Furaha ilimpofusha, maana hakuwaza povu lililotoka asidi ilipokula chuma. Zamani tangi la asidi lilitokota kutwa kwa mlio, ukalijua hata ukiwa umefumba macho. Sasa lilitulia tuli kama la maji.

Asubuhi moja vumbi la kutu lilimwingia dada machoni. Akavua glavu, akapapasa kingo za matangi, akasikiliza kama alivyozoea miaka yote. Kote kimya. Akainama kwenye lililo karibu, akachota kwa viganja viwili, akanawa uso. Mdogo wake alipiga kelele, lakini alikuwa amechelewa.

Wiki tatu baadaye Mganga alikaa kando ya kitanda cha dada wodini. Daktari alikwishasema macho yale hayataona tena.

"Mabomba bado yanatoka mazima?" dada akauliza chini ya bandeji.

"Mazima, dada."

"Afadhali. Basi nafasi yangu ipo."

Nafasi ilikuwa imejazwa tangu Jumatatu, na mtu mpya alikuwa akifundishwa na yeye mwenyewe, Mganga. Akaushika mkono uliomlea.

"Ipo, dada," akasema.