Nililehemu waya wa radio ya Mama Zaina, na salamu za mume wake zikakatika

Wakuu, mbote.

Jana mtu ameuliza humu jinsi ya kulehemu waya kwenye kibati cha betri. Uso uliniwaka. Nasimulia yangu, na mashahidi wa mtaa wetu wa Kabondo bado wapo, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Ilikuwa wakati wa uasi, Kisangani. Mto ulifungwa. Jirani yangu Mama Zaina, muuza pondu, yaani kisamvu, alikuwa na mimba kubwa. Mume wake, Selemani, alikwenda Isangi kununua samaki, njia ikakatika nyuma yake. Tangu hapo, kimya.

Tegemeo lilikuwa radio. Mchana walisoma salamu za familia zilizotengana. Basi waya wa radio yake ukang'oka kwenye kibati kinachogusa betri.

Mimi mtaani nilijiita technicien, fundi wa radio. Nilikuwa nimefungua radio mbili tatu tu!

"Lete, Mama. Hii iko kazi kidogo."

Umeme hakuna, donc nikapasha chuma cha kulehemu kwenye mbabula, lile jiko la makaa. Kibati kilikuwa na kutu, sikukwaruza. Nikayeyusha lehemu, ile risasi laini, nikaidondosha juu ya waya. Ikakaa kama tone la maji, inang'aa. Radio ikaimba. Nikavimba kichwa.

Saa ya salamu, uwanja wa Mama Zaina ukajaa majirani.

"Kwa Mama Zaina wa Kabondo, kutoka kwa mume wako Selemani..."

Kimya.

Waya umeachia. Nikaubana kwa kidole. Sauti iliporudi, wanasoma jina la mtu mwingine.

Hakuna aliyenitukana, wakuu. Afadhali wangenitukana. Mama Zaina aliniuliza polepole tu, "Iko muzima? Ao walitaka kusema nini?"

Nikaichukua radio.

Nikarudia kazi. Nikakwaruza kutu mpaka chuma kikawa cheupe, nikapasha kibati chenyewe, ndipo lehemu ikatambaa na kushika. Nikavuta waya, haukutoka. Bon, nilishachelewa.

Kesho yake nikazunguka nyumba kwa nyumba kuuliza nani alisikia salamu zile kwenye radio yake. Kila mlango ilibidi nieleze kwa nini nauliza. Kufika mtaa wa Mangobo, papa mmoja, baba mtu mzima, akacheka kwanza.

"Ni wewe technicien? Nilisikia. Iko Yangambi, mukono ulivunjika, lakini iko muzima. Anasema mutoto akiwa musichana, mumupe jina ya mama ya Selemani."

Nilipomfikishia salamu hizo, Mama Zaina alikaa chini, akalia. Nikaanza kuomba radhi.

"Asante," akasema. "Sasa uende."

Wakuu, usidondoshe lehemu juu ya chuma baridi. Kwaruza, pasha chuma chenyewe, kisha vuta waya kabla hujamrudishia mwenyewe.

Radio ilipoharibika tena upande mwingine, Mama Zaina aliipeleka kwa fundi wa mtaa wa Makiso. Alipita mbele ya mlango wangu ameifunika na kitenge, nisione.

Niliona.

Nani mwingine kazi ya mikono yake ilimuumbua hadharani? Semeni, nisibaki peke yangu hapa.